Mashine Mbili Zilizozuiwa Pamoja: Kutoka Amri ya 1974 hadi Darasa la Kibimba

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini. Televisheni nayo iliwekwa katika kapu hilohilo. Ninapoitaja amri hiyo darasani, wanafunzi wangu hucheka. Kwao ni sawa na kuambiwa kwamba zamani Serikali iliwahi kuzuia vijiko. Mimi siicheki, kwa sababu waliotoa amri ile hawakuwa wajinga, na makosa ya watu werevu yana mafunzo mengi kuliko makosa ya wajinga.

Katika makala haya nataka kuisimulia historia hiyo kwa kupitia kifaa kidogo ambacho leo kinauzwa madukani na kutoshea kiganjani: adapta ya kuunganisha kompyuta na televisheni. Msomaji anaweza kujiuliza kifaa cha namna hiyo kina uhusiano gani na siasa. Jibu langu ni kwamba kifaa hicho kinaziunganisha mashine mbili ambazo dola letu lilizizuia kwa pamoja, na kuungana kwake kunatuonyesha gharama ya zuio lile ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu.

Tuanze na sababu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, kompyuta zote za nchi nzima zilikuwa bado zinahesabika kwa vidole. Kila moja ilitaka chumba chake, vipuri vya fedha za kigeni na wataalamu wa kutoka nje. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo zilikwama, na watumishi wakalazimika kurudi kwenye taratibu za awali. Kisha zikaja shida mbili kwa mpigo: bei ya mafuta ikapanda takribani mara nne kati ya 1973 na 1974, na ukame ukailazimisha nchi kununua chakula nje. Katika hali hiyo, waziri aliyeulizwa achague kati ya mahindi na kompyuta hakuhitaji kufikiri sana.

Televisheni ilikuwa na hoja yake tofauti. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeweka mezani swali la nani ananufaika na kila shilingi ya umma. Kituo cha televisheni kingewafikia wachache wa Dar es Salaam wenye umeme na uwezo wa kununua seti. Redio iliwafikia wengi zaidi, tena kwa betri. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya 1975 zilithibitisha kwamba redio, ikisindikizwa na vikundi vya kusikiliza pamoja na vitabu vidogo, ingeweza kuwaelimisha mamilioni ya watu. Zanzibar ilifuata njia yake, ikaanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Bara ilisubiri hadi 1994.

Kwa hiyo mwaka 1974 amri ile ilikuwa na mantiki. Tatizo lake lilizaliwa baadaye, pale mashine yenyewe ilipobadilika na amri ikabaki kama ilivyokuwa.

Kati ya 1977 na 1982 kompyuta iliacha kuwa mali ya wizara, ikaingia sebuleni. Uingereza, mwaka 1981, kampuni ya Sinclair ilianza kuuza kompyuta iitwayo ZX81 kwa pauni 69.95. Aliyekuwa tayari kuiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande aliipata kwa pauni 49.95. Iliwezekanaje bei kushuka kiasi hicho? Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja inatuhusu hapa: kompyuta ile iliuzwa bila kioo chake. Ndani yake kulikuwa na kifaa kidogo kilichogeuza picha ya kompyuta kuwa mawimbi ya televisheni. Mnunuzi alichomeka waya kwenye tundu la antena, akatafuta chaneli ya 36, na maandishi yakatokea. Kompyuta ilijifanya kituo kidogo cha televisheni chenye mtazamaji mmoja. Kioo, ambacho ni sehemu ya gharama kubwa, kilikuwa kimekwishalipiwa na familia miaka mingi kabla, kwa ajili ya mpira na taarifa ya habari.

Hata huko kwao, waya huo haukuwa huru na sheria. Marekani, mamlaka ya mawasiliano ilikuwa kali kwa vifaa vilivyoweza kuvuruga matangazo ya majirani. Apple II, iliyotoka mwaka 1977, iliuzwa bila kigeuzi hicho cha mawimbi, na wateja waliotaka kutumia televisheni zao walikinunua kwa mtengenezaji mwingine. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kuunganisha nini na nini liliamuliwa na sheria huko pia. Tofauti ni kwamba sheria ya huko iliuliza kifaa kinaleta madhara gani. Yetu ilikuwa imekwishaamua kwamba kifaa hakihitajiki.

Hapa ndipo ninapoiona gharama iliyojificha. Mazuio mawili yalipokaa pamoja, kila moja liliongeza uzito wa mwenzake. Tuseme afisa forodha wa Dar es Salaam mwaka 1982 angefumba macho na kumruhusu mwanafunzi anayerejea kutoka London aingize ZX81 katika sanduku lake. Angeichomeka wapi? Bara hapakuwa na kituo cha televisheni, na seti zilikuwa adimu. Kwa kumkosesha mwananchi televisheni, Serikali ilikuwa imempandishia bei ya kompyuta bila kukusudia. Kizazi cha watoto wa Uingereza kilichojifunza kuandika programu kikiwa kimekaa chini mbele ya televisheni ya baba, kwetu hakikupata mwenzake. Kompyuta zilipoanza kuingia taratibu katika miaka ya 1980, nyingi zikija na miradi ya wafadhili, zilikuja na vioo vyake, zikawekwa ofisini, zikafunikwa vitambaa, na mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Mwaka 1994 unatuleta Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takribani siku moja. Idadi hiyo ilizidi wakazi wote wa wilaya yetu. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa ndani ya wiki chache, na wapiga picha wa televisheni wakaja kutoka kila bara. Mimi ni mtoto wa Kibimba. Wakati ule nilikuwa na umri wa kuelewa kinachotokea. Picha za wilaya yangu zilionekana katika sebule za Atlanta na London, zikachochea misaada, zikaongoza maamuzi ya mataifa. Sisi wenyeji, ambao misitu yetu iligeuzwa kuni na visima vyetu vikagawanywa upya, hatukuziona. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona seti ya televisheni ikiwaka. Mwaka huohuo ndipo vituo binafsi vya televisheni, ITV ikiwa miongoni mwavyo, vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu. Mwaka uliofuata tulipata Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, na redio ikaendelea kuwa dirisha letu.

Nalisema hili ili lieleweke kwamba kukosa mashine si suala la starehe peke yake. Anayekosa kioo hutazamwa bila kutazama, na maamuzi yanayomhusu hufanywa na watu waliomwona yeye lakini yeye hakuwaona.

Televisheni ilipofika vijijini, haikupitia wizara. Ilipitia vibanda vya video, vile ambavyo baadaye mitaani viliitwa vibanda umiza: mabenchi, pazia zito, jenereta au betri ya gari, na kiingilio cha sarafu. Wenye vibanda walianza na kanda, wakaenda kwenye VCD na DVD, kisha kompyuta. Kwa maoni yangu, hao ndio mafundi wa kwanza wa Tanzania vijijini waliounganisha kompyuta na televisheni, na hakuna aliyewapa cheti.

Kazi yao haikuwa rahisi kama inavyodhaniwa. Televisheni ya zamani ya mfumo wa PAL huchora mistari 625 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde. Yaani mistari 15,625 kwa sekunde. Tundu la VGA, ambalo IBM ililileta mwaka 1987 na likaenea katika kompyuta karibu zote, kwa kiwango chake cha kawaida hutuma mistari ipatayo 31,500 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ile. Ndiyo maana waya mtupu haukutosha. Palihitajika adapta ya kuipokea picha, kuihifadhi kwa kitambo kifupi, kisha kuituma upya kwa mwendo wa televisheni. Filamu ilipendeza; maandishi madogo yalififia hadi msomaji akafinya macho. Sauti ilihitaji waya wa pekee, kwa kuwa VGA haibebi sauti.

Mfumo wa HDMI, uliotangazwa mwishoni mwa 2002, ulipofika kwetu ulipunguza taabu hiyo kwa kubeba picha na sauti katika waya mmoja. Lakini shule nyingi zina kompyuta za zamani zenye VGA na televisheni mpya zenye HDMI, au kinyume chake. Mnunuzi ajue kwamba adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI haifanyi kazi ikigeuzwa, na kwamba aina hiyo huhitaji umeme, ambao kwa kawaida huupata kwenye tundu la USB. Nimeona fedha za wazazi zikipotea kwa kutolijua jambo hilo moja.

Hivi karibuni nilikuwa Kibimba. Katika shule moja ya sekondari, mwalimu wa Biolojia aliweka televisheni juu ya meza, akaiunganisha na kompyuta mpakato yake kwa adapta, akawaonyesha wanafunzi mchoro unaotembea wa moyo wa binadamu: damu inaingia huku, inatoka kule, vali zinafunga na kufungua. Darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani. Shule ilikuwa na projekta pia, lakini taa yake iliungua na bei ya taa mpya ilishindikana. Televisheni ilikuwa ya mwalimu mwenyewe, aliitoa nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini shule isinunue ya kwake, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, kwenye mwongozo tulioletewa, televisheni haimo. Ikinunuliwa, mkaguzi atasema ni ya kuangalia mpira."

Jibu hilo nimelitafakari sana. Miaka hamsini imepita tangu 1974, amri imekwishakufa, lakini fikra yake ingali hai: kwamba kuna mashine za kazi na mashine za anasa, na kwamba ofisi ya mbali inaweza kuzitofautisha kwa kutazama jina. Hatuko peke yetu katika hili. Mwaka 2010 majirani zetu wa Uganda walizuia uingizaji wa friji, kompyuta na televisheni zilizokwishatumika, kwa hoja za mazingira na matumizi ya umeme. Hoja zilikuwa na uzito. Lakini tazama orodha: kompyuta na televisheni zimewekwa kapu moja tena, na anayeumia kwanza ni yuleyule asiyeweza kununua kipya.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, ninayo mapendekezo matatu. La kwanza, kila zuio la teknolojia lipewe tarehe ya kupitiwa upya. Amri ya 1974 ingepitiwa kwa makini mwaka 1982, huenda mjadala ungekuwa tofauti kabisa. La pili, thamani ya mashine isipimwe peke yake, ipimwe pamoja na zile inazoweza kuungana nazo. Televisheni isiyo na kompyuta huenda ikawa ya mpira tu. Ikiwa na kompyuta na adapta ni ubao wa darasa. La tatu, miongozo ya manunuzi ya vifaa vya TEHAMA shuleni itaje kazi inayotakiwa kufanyika, yaani kuwaonyesha wanafunzi sitini picha inayoonekana, na imwachie mkuu wa shule achague kifaa anachoweza kukilipia na kukitengeneza.

Na kwa wanafunzi wangu: mnapoicheka amri ya 1974, jiulizeni ni amri ipi ya leo itakayowachekesha wajukuu wenu. Hapo Ngara, mitambo ya Rusumo ya megawati 80 inazalisha umeme unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme huo una uwezo wa kuwasha televisheni katika kila darasa la wilaya. Kinachokosekana katika shule ile ya Kibimba ni mstari mmoja katika mwongozo, na mstari huo unaandikwa na mtu mwenye kalamu, ofisini, siku za kazi. Huenda mtu huyo anasoma makala haya.