Kufunga Jeraha: Kutoka Majivu ya Uhud Hadi Bendeji za Leo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba Bi Fatma (R.A.) aliliosha jeraha huku Sayyidna Ali (R.A.) akimimina maji kwa ngao. Alipoona maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha mkeka, akabandika majivu yake, damu ikakatika. Hatusemi kwamba tuendelee kutumia majivu. Funzo ni kuwa aliacha kisichofaa akashika kilichofaa.

Njia hiyo wataalamu wameiendeleza. Mwaka 1962 George Winter wa Uingereza alionyesha kuwa jeraha lililofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko lililoachwa likauke. Leo zipo bendeji za alginati, itokanayo na mwani, ambazo hunyonya majimaji ya jeraha. Zipo zenye madini ya fedha, yanayoua bakteria. Na zipo za asali, ambayo Qur'ani Tukufu imetaja kuwa ina ponyo (An-Nahl: 69). Asali hiyo ya hospitali husafishwa kwa mionzi. Si ile ya jikoni.

Hapa ndipo fiqhi inapohusika. Nyingi ya bendeji hizi huachwa siku kadhaa. Anayeambiwa azibandue kila anapotawadha huchubuliwa ngozi changa na kufunguliwa mlango wa vijidudu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) habari ya mtu aliyepasuka kichwa safarini, akapatwa na janaba. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akabainisha kuwa tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Maulamaa wakaweka wazi hukumu ya bendeji. Kwa Mashafii, ikiwa kuiondoa kuna madhara, mgonjwa huosha sehemu iliyo nzima, hupaka maji juu ya bendeji, na hutayamamu. Kwa Mahanafi, kuosha na kupaka kunatosha. Suala la kurudia sala lina ufafanuzi wake katika kila madhehebu.

Basi ndugu maimamu, mgonjwa wa kidonda akija kutuuliza, kwanza tumuulize daktari wake amemwambia nini, ndipo tufungue vitabu.

Wallahu a'lam.