Pseudepigrafa: kughushi au kunasibisha?

Neno pseudepigrafa linatokana na Kiyunani: pseudes ni chenye uongo, na epigrafe ni andiko la juu, yaani anwani ya kitabu. Uongo unaotajwa hapo umo katika jina lililobandikwa juu. Yaliyomo ndani hayajaguswa bado. Johann Albert Fabricius alilipa neno hili umaarufu mwaka 1713 alipokusanya maandiko ya Kiyahudi yaliyobeba majina ya watu wa Agano la Kale, kama Henoko, Musa na Ezra, ilhali yalitungwa karne nyingi baada yao.

Kwa Kiswahili, tafsiri inayomjia mtu haraka ni “vitabu vya uongo” au “maandiko ya kughushi”. Zote mbili zinatoa hukumu kabla ya shahidi kusikilizwa. Anayeghushi hati ya kiwanja anataka kiwanja. Waandishi wa Kitabu cha Kwanza cha Henoko walitaka nini?

Tumtazame Henoko mwenyewe. Katika Mwanzo 5 ni mtu wa saba tangu Adamu, aliishi miaka 365, akaenda na Mungu, kisha akatwaliwa. Wafasiri wengi wa Qurani wanamtambua kuwa ndiye Nabii Idrisi. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kusimulia siri za mbinguni, malaika walioasi na mwendo wa jua na mwezi; sehemu moja ya kitabu inafundisha kalenda ya mwaka wa siku 364. Waandishi wake walikuwa wengi, kwani kitabu ni mkusanyiko wa sehemu tano za nyakati mbalimbali, na zile kongwe ni za karne ya tatu hivi kabla ya Kristo. Vipande vyake vya Kiaramu vimepatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Lakini kitabu kizima kimesalia katika Kigeezi tu, kwa sababu Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lilikitunza kama Maandiko Matakatifu. Nakala alizotoka nazo Mskoti James Bruce zilifika Ulaya katika miaka ya 1770. Kukiita kitabu cha uongo ni kusahau kwamba jirani zetu wa kaskazini wanacho katika Biblia yao hadi leo.

Ndiyo maana napendekeza kunasibisha. Neno hili lina nasaba ndani yake: kukinasibisha kitabu na mtu ni kukipa ukoo. Waandishi wetu wanalitumia tayari, kwa mfano wanaposema tungo fulani zinanasibishwa na Fumo Liyongo, bila kulazimika kuthibitisha kwanza kwamba alizitunga yeye. Lakabu haifai hapa. Mshairi anayejipa lakabu hajidai kuwa mtu mwingine aliyewahi kuishi.

Ukoo huo una kazi. Kitabu cha Nne cha Ezra kilitungwa baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, ila kinamweka msemaji wake Babeli, mwaka wa thelathini baada ya mji kuangushwa na Wababeli. Msomaji aliyefiwa na mji wake anaambiwa kwamba kilio hiki kilishawahi kuliliwa, na swali la haki ya Mungu lilishaulizwa. Hindy Najman, katika kitabu chake cha 2003, alionyesha jinsi waandishi wa aina hii walivyojiona wakiendeleza sauti ya mwanzilishi kama Musa. Kwangu maelezo hayo yanamfaa sana Ezra huyu.

Hata hivyo, kunasibisha kusigeuzwe kuwa chokaa ya kupaka juu ya kila kitu. Watu wa kale walijali nani ameandika nini. Serapioni, askofu wa Antiokia mwishoni mwa karne ya pili, aliwaruhusu Wakristo wa Rhossus kusoma Injili ya Petro; alipoisoma yeye mwenyewe alibadili msimamo, akasema maandiko yaliyobebeshwa majina ya mitume kwa uongo hayapokelewi. Tertulliano wa Karthago, karibu mwaka 200, anasimulia kuhusu kasisi mmoja wa Asia aliyetunga maandiko kwa jina la Paulo. Alikiri kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo, na bado akaachishwa cheo. Bart Ehrman, katika kitabu kikubwa cha 2013, anashikilia kwamba jambo hili wakati huo lilionwa kuwa udanganyifu, na kwa upande wa Wakristo ushahidi wake ni mzito.

Basi tuwe na maneno mawili. “Maandiko yaliyonasibishwa” yawe jina la kundi zima, na “kughushi” litumike pale ambapo nia ya kudanganya imeonyeshwa kwa hoja. Pseudepigrafa yenyewe ibaki kwa mikusanyo iliyochapishwa, ambayo mipaka yake haifuati maana ya neno. Mkusanyo wa James Charlesworth wa 1983 na 1985 una Wamakabayo wa Tatu, kitabu kisichojidai kuandikwa na mtu yeyote wa kale. Kwa upande mwingine Hekima ya Sulemani, iliyotungwa kwa Kiyunani karne nyingi baada ya mfalme huyo, imo katika Biblia ya Wakatoliki kati ya vitabu vya deuterokanoni, na kwa kawaida haiwekwi katika mikusanyo ya pseudepigrafa ingawa imenasibishwa waziwazi.