Kilima Kimoja, Darubini Nyingi

Marani, katika vilima vya Gusii nchini Kenya, iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo mtu wa hapa, mwaka ukizunguka, aweza kuona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Hata hivyo, vilima vya Gusii havifai kituo kikubwa cha darubini. Mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na wingu linalostawisha chai na migomba ndilo linaloziba nyota. Kituo hutaka mlima mrefu, mkavu na wenye giza, kama milima ya Samburu, na huko barabara, umeme na maji ni haba. Gharama ya kuvifikisha huko ni mzigo mzito kwa darubini moja.

Afrika Kusini iliupunguza kwa kuugawana. Mwaka 1972 iliunganisha vituo vyake vya zamani, na uangalizi ukahamia Sutherland, kwenye kilima cha uwanda wa Karoo chenye mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Miundombinu ileile sasa huhudumia darubini za nchi kadhaa, ikiwemo SALT, iliyozinduliwa 2005 ikiwa na kioo cha mita 11 hivi. Wapo watakaosema hospitali kwanza. Hoja hiyo ina uzito, ila barabara na intaneti ya mlimani huwafaa wafugaji pia, mradi waulizwe mapema: kule Mauna Kea, Hawaii, wenyeji walifunga njia mwaka 2019 kuzuia darubini mpya, wakiulinda mlima wanaouona mtakatifu. Kenya itafute kwanza ridhaa ya wenyeji, ijenge barabara, ndipo inunue kioo.