Pamba ya Leta katika Kasongo na Kabambare

Wengi wasema ni kompani zilizoleta pamba katika nchi yetu ya Maniema. Sivyo. Kompani zilifuata; aliyetangulia ni Leta. Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo katika Kongo ya Wabelgiji, ndiye aliyetaka jambo hili, na amri ya mwaka 1917 iliruhusu kuwalazimisha watu wa vijiji kulima mpaka siku 60 kwa mwaka. Katika vita, mwaka 1942, siku zikawa 120.

Amri ya mwaka 1921 iligawa nchi: kila kompani na eneo lake kandokando ya mashini yake ya kuchambua pamba, wala mkulima hakuweza kumtafuta mnunuzi mwingine. Tuangalie vema hapa. Mvua ikiharibika, hasara ni ya mkulima. Bei ikipanda Ulaya, faida ni ya kompani. Asiyelima, kifungo. Mpunga ulioletwa na Waungwana, mtu aweza kuula. Pamba hailiwi, na feza yake kidogo ilirudi kwa Leta kwa njia ya kodi.

Basi wanaosema kwamba wazee wetu walikuwa wavivu, sisi hatuwakubali. Baada ya uhuru wa 1960 pamba ilianguka.