UZI: Mzee ana kadi ya serikali. Mbona bado anunue bima nyingine?

1/ Kila siasa za afya zikipamba moto hapa mtandaoni, hoja mbili hugongana. Mmoja anasema: "Serikali ishatoa bima, mstaafu ametulia." Mwingine anamjibu: "Ametulia wapi, na juzi tumechangisha kwa WhatsApp ndio mzee aruhusiwe kutoka hospitali?" Wote wawili wana ukweli kiasi. Ila kuna kitu hawakitaji: pengo kati ya kile kadi inalipa na kile hospitali inadai.

2/ Hatutaji chama wala mwanasiasa hapa. Tunafuata historia, na tunaanzia Marekani. Si kwamba wao ni mfano mwema. Ni kwamba pengo hili wameligombania kwa miaka 60, na makosa yao yote yako wazi. Isitoshe, mpango wao wa wazee, Medicare, ulianza kulipa bili Julai 1966, mwaka uleule NHIF yetu ilipoanzishwa.

3/ Kabla ya hapo, karibu nusu ya Wamarekani waliofika miaka 65 hawakuwa na bima yoyote ya hospitali. Sababu ni rahisi: bima ilifuata kazi. Ukistaafu, unaiacha langoni pamoja na kitambulisho cha kampuni. Na ukienda kujinunulia, kampuni ya bima inakuangalia umri na kuona hasara. Sauti hiyo unaijua, sivyo?

4/ Sheria ya 1965 ikaleta sehemu mbili. Sehemu A ililipia kulazwa hospitalini, lakini mzee alitoa dola 40 za kwanza mwenyewe. Sehemu B ililipia madaktari kwa mchango wa dola 3 kwa mwezi. Hapo mzee alitoa dola 50 za kwanza kila mwaka, kisha serikali ikalipa asilimia 80 ya ada iliyokubalika. Asilimia 20 iliyobaki ilikuwa yake.

5/ Asilimia 20 inaonekana ndogo, si ndio? Shida ni kwamba haikuwekewa kikomo. Bili ya dola 1,000, unatoa 200. Bili ya dola 50,000, unatoa 10,000. Tena dawa za kununua duka la dawa hazikuwemo, wala meno, wala miwani, wala vifaa vya kusikia. Yaani mgonjwa zaidi ndiye alilipa zaidi.

6/ Palipo na pengo, biashara huja. Kampuni zikaanza kuuza bima ya ziada, ikaitwa Medigap, yaani ya kuziba pengo la Medicare. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini soko lilikuwa vurugu. Kufikia miaka ya 1970, wachunguzi wa Bunge la huko walikuta wazee waliouziwa bima tatu, nne au zaidi zinazolipia kitu kilekile. Ajenti alikula kamisheni, mzee akala hasara.

7/ Mwaka 1980 sheria ikawekwa ya kudhibiti wauzaji, lakini ilitegemea sana hiari na usimamizi wa majimbo. Pengo lenyewe likabaki. Ndipo 1988 Bunge likaamua: tuache kubandika viraka, tuzibe ufa. Likapitisha, kwa kura nyingi sana, sheria ya kuweka kikomo cha pesa mzee anatoa mfukoni na kuongeza malipo ya dawa.

8/ Nani alipe? Hapo ndipo mambo yaliharibika. Sheria ilisema gharama yote itoke kwa wazee wenyewe: kila mmoja aongeze dola 4 kwa mwezi, na wenye kipato kizuri waongezewe kodi hadi dola 800 kwa mtu kwa mwaka. Kwa karatasi ni haki: mwenye nacho ambebe asiye nacho.

9/ Lakini wengi wa hao wenye nacho tayari walikuwa na bima ya ziada, ama ya kujinunulia ama ya kulipiwa na mwajiri wao wa zamani. Wakauliza: "Mbona nilipe mara mbili?" Wengine waliogopa kodi ambayo hata isingewafikia, kwa sababu hakuna aliyewaelezea vizuri. Agosti 1989, mjini Chicago, wazee walizingira gari la mbunge mmoja mkubwa hadi akashuka na kutoroka kwa miguu. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilifuta sehemu kubwa ya sheria lililoipitisha lenyewe.

10/ Soma hiyo tena polepole, maana ndiyo kiini cha uzi huu. Serikali iliacha pengo. Waliojiweza wakaliziba kwa pesa zao. Serikali iliporudi kuliziba kwa wote, waliojiweza ndio walipinga kwa sauti kubwa zaidi. Asiyekuwa na bima ya ziada, ambaye sheria ingemsaidia kabisa, hakuwa na sauti kama hiyo.

11/ Baada ya hapo wakarudi kwa viraka, ila viraka bora. Sheria ya 1990, iliyoanza kutumika 1992, ililazimisha kampuni kuuza aina 10 tu za Medigap, zikapewa herufi A hadi J. Herufi moja, manufaa yaleyale, kila kampuni. Mzee akaweza kulinganisha bei. Kumuuzia mtu bima inayorudia aliyo nayo kukawa kosa.

12/ Sheria hiyo pia ilitoa dirisha la miezi 6. Ukifika 65 na kujiunga na Sehemu B, kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Dirisha likifungwa, katika majimbo mengi inaruhusiwa kukuuliza historia yako ya afya na kukuambia hapana. Kwa hivyo mwenye kisukari aliyechelewa anaweza kubaki nje maisha yake yote.

13/ Na wale waliotegemea mwajiri? Mwaka 1988, kati ya kampuni kubwa zilizotoa bima kwa wafanyakazi, asilimia 66 zilitoa pia kwa wastaafu. Siku hizi haifiki theluthi moja. Sheria za uhasibu zilibadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni zikalazimika kuandika vitabuni deni la matibabu ya wastaafu. Walipoliona, wengi walianza kulikata.

14/ Hata serikali kama mwajiri imejaribu. Jiji la New York lilikuwa likiwalipia wastaafu wake bima ya ziada. Mwaka 2021 likataka kuwahamishia mpango unaoendeshwa na kampuni binafsi ili liokoe pesa. Wastaafu wakaenda mahakamani, wakavutana miaka kadhaa, hadi 2025 jiji likasema limeachana na mpango huo. Kumbuka: mstaafu hawezi kugoma. Kilichobaki ni mahakama na kura.

15/ Sasa turudi nyumbani. NHIF ya 1966 ilianza na wenye mshahara, shilingi 20 kwa mwezi, na kwa muda mrefu ilikuwa ya kulazwa tu. Matibabu ya kwenda na kurudi yaliingizwa kwa wanachama wote mwaka 2015, michango ilipopandishwa. Mtu asiye na mshahara alitoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi, na wastaafu wengi walikuwa humo.

16/ Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anapimwa hali ya kaya yake, hapungui shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima mapema. Na kila huduma ina kiwango ambacho mfuko unalipa. Hospitali ikidai zaidi ya hapo, hilo ndilo pengo letu.

17/ Linaumiza nani zaidi? Fikiria mtumishi wa umma. Tangu 2012 watumishi wa serikali wamekuwa na mpango mpana wa matibabu juu ya ule wa kawaida. Lakini umefungwa kwa ajira. Akifika miaka 60, wiki moja ana mpango mpana, wiki inayofuata ana kadi ya kawaida. Na ni umri huo presha, sukari na magoti huanza kuchukua zamu.

18/ Jibu la serikali limekuwa kuhimiza watu wajiwekee. Marekebisho ya sheria za kodi ya mwishoni mwa 2024 yanaruhusu hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, ukiziweka kwenye mfuko wa matibabu baada ya kustaafu, zitolewe kwenye kipato kabla ya kodi kukokotolewa. Ni hatua nzuri. Lakini jiulize nani ana 15,000 za kuweka kando kila mwezi. Na mama mboga, ambaye hana mshahara wa kukatwa kodi, anapunguziwa nini?

19/ Sisemi watu wasinunue bima ya ziada. Ukiweza, nunua mapema, kabla umri na ugonjwa havijakufungia mlango. Ninachosema ni kwamba bima ya ziada pia ni siasa. Kila anayeweza kuziba pengo lake anapoteza sababu ya kupigania pengo la jirani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Marekani walijaribu kuziba 1988, wakakuta wenye nguvu wameshajenga kuta zao.

20/ Kwa hivyo akija mtu jukwaani kusema "wazee wote watatibiwa", usishangilie kwanza. Muulize haya manne:

Mstaafu atatoa mfukoni hadi kiasi gani kwa mwaka, na kikomo kimeandikwa wapi?

Aliye mgonjwa tayari ataruhusiwa kununua bima ya ziada, na kwa bei gani?

Mtumishi akistaafu, mpango wake unaisha siku gani, na nani anamwambia mapema?

Pesa zitatoka kwa nani, na huyo mtu ameelezwa?

21/ Hilo la nne ndilo liliangusha sheria ya 1988. Watu hawakukataa kusaidiana. Walikataa kushtukizwa.

Kama una mzazi anayestaafu mwaka huu, mtumie uzi huu kabla hajarudisha kadi ya kazi.