Jina la Luther: Kutoka Ukoo wa Wakulima wa Möhra Hadi Kanisa la Kilutheri

Msharika aulizwapo yeye ni wa kanisa gani hujibu kwa neno moja, "Mlutheri", na ni mara chache hukumbuka kwamba ametaja jina la ukoo. Ukoo huo ulikuwa wa wakulima wa kijiji cha Möhra, katika nchi ya Thuringia, Ujerumani. Wataalamu wa majina hulirudisha jina lao kwenye jina la kale la Kijerumani lililoundwa kwa maneno mawili, moja likiwa na maana ya watu na jingine jeshi.

Siku zile maandishi ya jina hayakuwa na kanuni. Katika kumbukumbu za zamani ukoo huu huonekana kama Luder, Lüder, Ludher au Luter, kila karani akiandika kadiri sikio lake lilivyosikia. Baba yake Martin aliitwa Hans Luder. Kwa desturi ya kwao shamba lilirithiwa na mwana wa mwisho, kwa hiyo Hans alilazimika kutafuta riziki kwingine. Alikwenda kwanza Eisleben, ambako Martin alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, kisha akahamia Mansfeld kwenye machimbo ya shaba. Huko alifuatwa na ndugu yake, ambaye naye aliitwa Hans! Ili kuwatofautisha, watu waliwaita Hans Mkubwa na Hans Mdogo, na huyo Mdogo aliacha sifa mbaya katika kumbukumbu za baraza la mji kwa sababu ya ugomvi wake. Jina Martin lenyewe halikutoka katika ukoo. Mtoto alibatizwa tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, akapewa jina la siku hiyo.

Mwaka 1501 kijana huyo aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Erfurt kwa jina la Martinus Ludher wa Mansfeld. Aliendelea kuandikwa kwa namna ya Luder hata alipokuwa mtawa na mwalimu. Jina hilo halikuwa na sauti nzuri masikioni mwa Wajerumani, kwani neno "Luder" humaanisha mzoga au chambo, na pia hutumiwa kama tusi. Barua aliyomwandikia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz tarehe 31 Oktoba 1517, ambayo imehifadhiwa Stockholm, Sweden, ndiyo ya kwanza kati ya zilizobaki ambamo alitia saini "Martinus Luther".

Badiliko hilo halikuwa la herufi tu. Tangu Novemba mwaka uleule, katika barua kwa marafiki zake, alianza kujiita Eleutherius, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu huru. Ilikuwa desturi ya wasomi kujipa majina ya Kiyunani au Kilatini. Rafiki yake Melanchthon alizaliwa Schwartzerdt, yaani "udongo mweusi". Lakini kwa Martin wakati uliochaguliwa unasema mengi. Mtu aliyekuwa ameona kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani alijiita huru kabla hajaulizwa na Papa wala Kaisari. Muda si mrefu Eleutherius aliachwa, ila herufi "th" zilibaki katika Luther, na wanahistoria wengi huona humo mwangwi wa neno lile la uhuru.

Kuwaita watu "Walutheri" hakukuanzia kwa wafuasi wake. Walioanza ni wapinzani, akiwamo Dakta Johann Eck, nao walikusudia kuwadhihaki kama wafuasi wa mzushi mmoja. Luther mwenyewe alilikataa jina hilo waziwazi mwaka 1522. Aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake bali wajiite Wakristo, akakumbusha kwamba mafundisho hayakuwa yake, na kwamba yeye hakusulubiwa kwa ajili ya yeyote. Alitegemea maneno ya Paulo kwa Wakorintho waliogawanyika kwa majina ya walimu wao. Ombi lake halikusikilizwa.

Ukoo wenyewe haukudumu kama jina lilivyodumu. Luther na Katharina von Bora, waliofunga ndoa mwaka 1525, walipata watoto sita, na binti wawili walifariki wakiwa wadogo. Mwana wao Paul alikuwa tabibu. Mwanamume wa mwisho wa kizazi chao kubeba jina hilo, Martin Gottlob Luther, mwanasheria wa Dresden, alifariki mwaka 1759. Wazao waliopo leo wanatokana na upande wa kike, nao hubeba majina mengine.

Kuja kwa jina hili Tanzania nako hakukuwa kwa njia moja. Misheni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, ilikuwa ya Kilutheri kwa jina na kwa ungamo. Misheni ya Betheli, iliyofanya kazi Usambara na, tangu mwaka 1910, Bukoba, ilitoka katika kanisa la Prussia, ambako mfalme aliwaunganisha Walutheri na Wareformed mwaka 1817. Ndiyo maana kanisa la Bukoba, kabla ya muungano, liliitwa Kanisa la Kiinjili la Buhaya, bila jina la Luther. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 ndipo wote walipoingia chini ya jina moja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri.

Katika jina hilo neno Kiinjili limetangulia, na hilo lingempendeza Luther. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku neno hilo la kwanza ndilo linaloachwa.