Matunzo ya wazee Singida: kutoka tembe hadi Sukamahela

Ukiuliza habari za makazi ya wazee mkoani Singida, jina utakalotajiwa kwanza ni Sukamahela, wilayani Manyoni. Ni makazi ya serikali ya wazee na watu wasiojiweza, na miongoni mwa waliopata hifadhi humo ni watu waliougua ukoma. Wazee na waliougua ukoma hawakukutanishwa hapo kwa bahati tu. Nyuma yao kuna historia ndefu ya namna tulivyoanza kumtunza mzee asiye na mtu, na ya jambo moja tulilolisahau njiani: mzee akishalishwa na kuvishwa, bado anabaki kuwa mtu mwenye neno lake.

Kabla ya kuwapo makazi ya namna hiyo, mzee wa Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo alizeekea nyumbani kwake. Nyumba ya tembe, yenye paa bapa la miti na udongo, ilikaa watu wa rika zote pamoja na mifugo. Kwa Wanyaturu kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ng'ombe waliohesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Bibi alipoishiwa nguvu, wajukuu walilala kwake, wakamchotea maji, wakamkokea moto na kumpikia uji wa uwele. Babu asiyeweza tena kuchunga hakuacha kuulizwa ng'ombe yupi atolewe mahari na yupi achinjwe. Upendo ulikuwapo, lakini matunzo hayo hayakutegemea upendo peke yake. Mzee alikuwa na mali, na mwenye mali husikilizwa.

Hata hivyo tusiipambe zamani kupita kiasi. Wapo ambao utaratibu huo uliwaacha nje. Mjane asiye na mtoto hakuwa na wajukuu wa kumkokea moto. Katika sehemu za kanda ya kati na ya ziwa, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, mara nyingi kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, aliweza kuitwa mchawi na kupoteza maisha. Na mgonjwa wa ukoma aliogopwa hata na ndugu wa damu.

Ni huyo mgonjwa wa ukoma aliyetangulia kuingia makambini. Daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway aligundua mwaka 1873 kwamba ukoma unaletwa na bakteria, lakini tiba ya uhakika ilichukua miongo mingi kupatikana. Katika muda huo wote, wamisionari na serikali za kikoloni waliona njia ni moja: kuwatenga wagonjwa. Makambi yakaanzishwa sehemu nyingi za nchi, yakiwemo ya Nunge, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, na Bukumbi, mkoani Mwanza. Aliyeingia kambini akiwa kijana alizeekea humo humo.

Dawa ya dapsoni ilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba ya dawa mseto. Ugonjwa ukawa unapona kabisa. Lakini vidole vilivyokwisha kupinda havikunyooka, na shamba lililogawanywa miaka ishirini nyuma halikurudi. Wengi walipona wakiwa hawana kwa kwenda. Ndivyo baadhi ya makambi ya wagonjwa yalivyogeuka, kidogo kidogo, kuwa makazi ya wazee chini ya Ustawi wa Jamii.

Atakaye kujua matunzo mema yana sura gani, na amtazame mtu aliyepona ukoma akinywa chai. Mkono wake hausikii moto. Kikombe cha bati kitamuunguza, naye asijue mpaka lengelenge litokee. Mhudumu anayemjua humpa kikombe chenye mpini wa mbao, au huuzungushia mpini kitambaa. Jioni miguu huloweshwa kwenye maji, ikapakwa mafuta, kisha nyayo zikaangaliwa moja moja, kwa kuwa mwiba anaoukanyaga bila kuusikia unaweza kumpotezea mguu. Kazi hiyo haifanyiki kwa kupanga watu foleni. Mhudumu hana budi kumjua huyu na kumjua yule.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee pamoja na watoto na wasiojiweza kuwa watu wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine bila kuitwa wanyonyaji. Lilikuwa tamko zito. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikaongeza kwamba mwenye dhima ya kwanza ya matunzo ni familia na jamii, na makazi yawe kimbilio la mwisho. Hospitalini kukabandikwa matangazo ya kumpisha mzee kwanza. Hayo yote ni mema, ila karibu yote yanasema mzee apewe nini. Ni machache yanayosema mzee aulizwe nini.

Upungufu huu si wetu peke yetu. Nchini Uingereza, Peter Townsend alizunguka makazi ya wazee na mwaka 1962 akachapisha kitabu kilichoonyesha watu walioshiba lakini hawana shughuli, hawana faragha wala uamuzi. Mwaka 1991 daktari Bill Thomas wa jimbo la New York aliingiza mbwa, paka na ndege katika makazi aliyoyahudumia, ili wazee nao wawe na wa kumtunza. Mwaka 1997 Tom Kitwood aliandika kwamba hata aliyepotewa na kumbukumbu huumia anapozungumziwa kana kwamba hayupo.

Kwetu mfano uko karibu zaidi. Tangu mwaka 2003, mradi wa Kwa Wazee huko Nshamba, wilayani Muleba, umekuwa ukiwapa wazee wanaolea wajukuu yatima kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Hakuna aliyewachagulia cha kununua. Wakanunua chumvi, sabuni na viatu vya shule. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kumlipa pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70. Fedha hiyo ni kama ng'ombe wa tembe: kidogo, lakini ni yake, na inampa neno nyumbani.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani Singida. Walio wengi miongoni mwa wazee wao hawataingia makazi yoyote; watazeekea kwa watoto, kwa wajukuu au peke yao. Kwa hiyo wito huu ni wa halmashauri, wa maofisa ustawi wa jamii, na wa kila mwenye mzazi nyumbani. Tusiishie kuwapelekea mchele na mablanketi wazee wa Sukamahela kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Tuwaulize wanataka kula nini, kulala na nani chumba kimoja, kufuga nini na kuzikwa wapi. Kisha tuyafanye waliyoyasema.